Mbao za Mzee Danieli

Yohana aliponiambia niende Mamboya kwa baba yake nikazichukue mbao zake kwa utani, ilinipasa nikatae. Nilikuwa nimekaa kitandani, yeye amesimama mlangoni na kikombe cha chai ya rangi, na maneno yenyewe aliyasema kwa wepisi, kama mtu anayekutuma kiberiti dukani. Alisema yeye ni mtoto, hawezi kumwomba mzazi kitu cha namna ile. "Lakini wewe ni mtani wake," akasema. "Wewe hakukatalii." Nikasema sawa. Maishani nimefanya makosa mengine ambayo watu wanayaona makubwa zaidi, na mengi nimeyasahau. Hili sikulisahau, kwa sababu nilijua papo hapo kwamba kitu ninachotumwa si cha kuombwa, na ndiyo sababu nilikuwa natumwa mimi.

Mwezi uliopita nilikwenda Kilosa kliniki ya macho. Benchi lilikuwa limejaa wazee wenzangu, kila mtu na karatasi yake mkononi, na nilipoketi nikasikia sauti pembeni yangu ikimwambia mjukuu asogee mgeni apate nafasi. Niliijua sauti kabla ya uso. Nikamwambia, kama zamani, "Wewe Mkaguru, bado hujafa tu?" Yohana akageuka, akanitafuta kwa macho yenye ukungu, akanipata. Akasema, "Habari za siku nyingi, bwana Saidi. Nyumbani hawajambo?" Akaniuliza hali ya watoto, akaniuliza mvua huku kwetu zimenyeshaje, akanitakia heri ya matibabu. Hakuna aliyesikia pale ambaye angesema nimekosewa adabu. Nilirudi nyumbani, chakula kikanishinda, na tangu siku hiyo naufikiria mwaka ule.

Ulikuwa mwaka wa watu kuhamishiwa vijijini, miaka michache baada ya Azimio. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nimepata kazi ndogo ya stoo pale stesheni ya Kilosa, na pamoja na kazi nikapewa chumba kimoja katika kota za reli. Chumba chenyewe kilikuwa hivi: kitanda cha kamba ukutani, meza yenye mguu mmoja mfupi, dirisha la kutazama ua, na taa ya umeme iliyoning'inia kwa waya katikati, pamoja na tundu moja la umeme lililokuwa fahari yangu kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho. Yohana alikuwa fundi seremala aliyejifunza kazi misheni kwao Mamboya. Alikuja kunirekebishia ule mguu wa meza, akala kwangu, akalala, na hakuondoka. Mguu wa meza haukurekebishwa kamwe. Jioni tulikula ugali kwa mlenda na dagaa, mwisho wa mwezi tulikula wali, na kila tonge lilisindikizwa na matusi, maana Wanyamwezi na Wakaguru ni watani na sisi tuliushika utani huo kama dini. Mimi nilikuwa mtumwa wake, yeye alikuwa wangu. Jirani yetu Mama Tatu, aliyepika upande wa pili wa ukuta, alikuwa akimwambia mumewe kwa sauti ya kutosha tusikie kwamba vijana wale wawili siku moja watachinjana. Mumewe akamjibu kwamba wale hawatachinjana, wale watazeeka pamoja kama mke na mume. Tulicheka mpaka tukashikilia mbavu.

Kisha ukaja mchezo wa vigari, uliokuwa ndani ya kisanduku nilichokipata Kimamba. Meneja mmoja wa shamba la mkonge alikuwa anarudi kwao baada ya mashamba kuchukuliwa na serikali, na kwa kuwa nilimsaidia kupakia mizigo yake kwenye behewa bila kuvunja hata sahani, akanipa kitu kilichokuwa cha watoto wake. Ndani mlikuwa na vigari viwili vya umeme, kimoja chekundu na kimoja kijani, virefu kama kidole cha kati, na transfoma ndogo na vitufe viwili vya kushika mkononi ili kuongeza na kupunguza mwendo. Kila kigari kilikuwa na msumari mdogo chini ya pua. Msumari huo hupita ndani ya mfereji mwembamba wa barabara yake, na kandokando ya mfereji kuna vipande vya chuma vinavyopeleka umeme kwenye gari. Barabara yenyewe ilikuwa ya plastiki, nayo ilikuwa imekunjwa na jua na kuvunjika vipande. Yohana akaichukua, akaitazama, akasema mfereji kama huu yeye anaweza kuuchimba kwenye ubao kwa patasi na randa. Ungekuwa mchezo wa jioni moja kama asingekumbuka Mikumi.

Kule Mikumi kulikuwa na hoteli ndogo ya watalii, karibu na mbuga, ambako Yohana alikuwa akiitwa mara moja moja kutengeneza milango iliyotafunwa na nyani. Meneja wa hoteli alikuwa akilalamika kwamba wageni wakirudi kutoka kutazama wanyama hawana la kufanya isipokuwa kunywa. Yohana akaenda kumweleza habari za vigari. Yule bwana akasema kitu kama hicho kingemfaa sana, ila chumba alichonacho ni kile kile cha kulia chakula, kwa hiyo lazima kiwe cha kukunjwa na kufungwa ukutani asubuhi watu wapate kuketi mezani. Kikitengenezwa vizuri, akasema, atafikiria kumwajiri fundi huyo moja kwa moja. Yohana alirudi na neno hilo kana kwamba ni kazi yenyewe. Na nani angemlaumu? Mwaka ule kijana wa mjini asiye na barua ya kazi alikuwa akiandikwa jina na kupelekwa kijijini kulima, na Yohana hakuwa na barua. Kila balozi wa nyumba kumi alipopita uani kwetu, Yohana aliingia chini ya kitanda na randa yake.

Tulianza na mbao za sokoni. Tukaunganisha mabamba mawili kwa bawaba katikati, Yohana akachimba mifereji miwili inayozunguka kama kiatu cha farasi pande zote mbili, mimi nikang'oa vile vipande vya chuma kwenye plastiki na kuvipachika, na pale vilipopungua nikaponda waya wa shaba kwa nyundo mpaka ukawa bapa. Wiki ya kwanza vigari vilikwenda. Wiki ya pili mbao zikaanza kupinda, kwa kuwa zilikuwa mbichi, na pale kwenye bawaba mfereji wa bamba moja ukakosana na mfereji wa bamba la pili kwa unene wa ukucha. Gari lilifika pale kwa kasi, likaruka, likagonga ukuta. Yohana alirekebisha, zikapinda tena. Siku ya mwisho alikaa chini akaitazama ile kazi kwa muda mrefu, akasema kitu cha kukunjwa kinataka mbao zilizokauka mpaka zimesahau kuwa zilikuwa mti. Halafu akanyanyuka akamimina chai, akasimama mlangoni, akazitaja mbao za baba yake.

Mzee Danieli alikuwa mpasuaji mbao wa misheni tangu ujana wake. Msumeno wake mrefu wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mmoja shimoni, ulikuwa umepasua madawati, milango ya kanisa, na zaidi ya yote mbao za majeneza ya watu wa kilima cha Mamboya. Za kwake mwenyewe alizipasua mapema, kama walivyofanya wazee wengi pale. Zilikuwa sita za mninga, ndefu kuliko yeye, na yeye alikuwa mtu mrefu. Alizilaza darini juu ya meko, na moshi wa miaka ukazifanya nyeusi na ngumu kama chuma. Kila mtu aliyeingia jikoni mle alizijua ni za nini. Nilikuwa nimekula chini yake Krismasi mbili.

Nilikwenda peke yangu na kupanda kilima asubuhi. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, anakohoa, miguu juani. Nikamwambia shikamoo, akaitika marahaba mtumwa wangu, na shughuli ikaanza. Nilimuuliza mbona anachelewa kufa na sisi watani tumekwisha osha sahani za msiba. Akasema atakufa siku atakayoona Mnyamwezi amenawa kabla ya kula. Mama Yohana alicheka jikoni akaniletea ugali wa moto na kunde, nikala, nikanyoosha mkono juu kuonyesha darini. Nikasema mbao zile zinaoza bure, na mtu mwembamba kama yeye anatosha kwenye mkeka, na tena mkeka wenyewe utabaki.

Mzee alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Alipopata pumzi akasema, "Zichukue basi. Ukiweza kuzibeba ni zako."

Lazima nieleze hapa jambo ambalo kila mtu wa kwetu alilijua. Mtani akinyakua kitu cha mtani wake, mwenyewe hana ruhusa ya kukasirika. Anacheka. Mnyakuzi anaondoka nacho hatua kadhaa, anajigamba, halafu watu wa nyumba humfuata na kitu kidogo cha kukomboa, kuku au kibaba cha unga, naye hushusha alichokichukua na wote hucheka tena. Ndivyo utani unavyofungwa. Bila kufungwa, ule si utani, ni wizi uliofanywa mbele ya mtu aliyefungwa mdomo na desturi. Nilizishusha mbao zile darini moja moja, masizi yakanijaa kichwani, na mzee akawa ananihesabia kwa mzaha kama karani. Nikampata kijana wa kunisaidia kuzipeleka barabarani lilipokuwa lori la mahindi. Na kweli, kabla hatujazipakia, nikamwona Mama Yohana anateremka njia, ameshika kuku jike mweusi aliyefungwa miguu. Alikuja na kuku wake wa kutaga. Alininyooshea huku anatabasamu na kuhema.

Nikampokea kuku. Nikashukuru. Kisha nikaweka kuku juu ya mbao na kupanda lori.

Nilimwambia kwa kelele kwamba watani wa siku hizi ni wa Azimio, wanataifisha vyote. Dereva alicheka. Mama Yohana naye alicheka, lakini alichelewa kidogo, na lori lilipoondoka alikuwa bado amesimama pale na mikono yake mitupu mbele, kama vile bado imeshika kitu. Niliona. Nilijiambia kwamba zitarudi nyingine kabla ya mvua, kwamba Yohana akipata kazi atamnunulia baba yake mbao za kutosha jeneza la chifu, na kwamba wote wale walikuwa wameambiwa wahamie kijiji kipya chini kando ya barabara, nyumba ile itabomolewa, na mbao zitapotea tu. Kila kimoja kati ya vitu hivyo kilikuwa na ukweli wake. Yule kuku tulimla jioni iliyofuata kwa wali, mimi na Yohana, na Mama Tatu tulimpa paja. Yohana aliuliza mama yake alisema nini. Nikamwambia alicheka.

Jumamosi Yohana aliweka ubao wa kwanza juu ya meza na kuupima. Ili mchezo ukunjwe na kutoshea ukutani, kila ubao ulipaswa kukatwa katikati. Alishika msumeno, akauweka kwenye mstari, akauondoa. Akafuta jasho. Aliniambia, bila kunitazama, kwamba zikikatwa hazitamfaa mzee tena hata kama Mikumi wakizikataa. Ile ilikuwa nafasi ya pili niliyopewa na Mungu, na ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza, maana rafiki yangu alikuwa ananiomba nimzuie. Nikamwambia, "Kata, bwana. Babako mwenyewe kanipa." Akakata. Mninga mkavu ukikatwa hutoa harufu ya namna yake, na safari ile ilichanganyika na moshi wa jikoni kwao, ikajaa chumba, ikakaa siku kadhaa.

Sitadanganya: kitu kile kilikuwa kizuri. Mbao hazikupinda hata unywele. Yohana alichimba mifereji safi, akaweka bawaba nne za shaba kwa namna ambayo ukifungua mabamba huoni pa kuungana. Tulipaka barabara rangi nyeusi na mistari myeupe, na kona moja akaandika Kilosa, nyingine Mikumi. Kikikunjwa kilisimama ukutani kama kabati jembamba, kikishushwa kilikaa juu ya kitanda na meza na kujaza chumba kizima, nasi tukilazimika kusimama na migongo ukutani. Jumapili moja watu wa kota walijaa dirishani. Mume wa Mama Tatu alishika kitufe cha gari la kijani, akashindwa mara saba mfululizo na mkewe, akasema umeme wa upande wake ni dhaifu. Yohana alicheka siku ile kama mtoto. Mimi namkumbuka hivyo, na nikimkumbuka hivyo ndipo moyo unaniuma zaidi.

Tukakipeleka Mikumi kwa treni. Meneja alifurahi, akatuambia tukifunge ukutani chumbani mwa chakula, akasema tumwachie msimu mmoja aone wageni wanavyokipokea, na habari ya ajira itazungumzwa baadaye. Mimi ndiye niliyekubali kwa niaba ya wote wawili. Tulirudi na ahadi. Yohana akaenda tena mara mbili kuulizia, mara zote akaambiwa asubiri. Wakati huo watu wa Mamboya wakawa wanahamishwa. Nyumba ya Mzee Danieli ilitolewa mlango na madirisha, wakashushwa bondeni kwenye kibanda cha nyasi, na mvua za masika zikawakuta humo. Mbao zote zilizokuwa kilimani ziliandikwa kuwa za shule na ofisi ya kijiji, na shimo la kupasulia likajaa maji.

Habari ya kifo cha mzee ililetwa na utingo wa basi. Yohana alikuwa anakula. Alinawa mkono taratibu, akavaa shati, na alipofika mlangoni akasema neno moja tu: "Mbao." Yeye akaondoka kwenda Mamboya. Mimi nikadandia treni ya mizigo kwenda Mikumi. Wageni walikuwa kwenye chai ya asubuhi nilipoingia na bisibisi. Meneja alinifokea, akaniambia nikigusa ukuta ule rafiki yangu asahau kazi, na mimi niliendelea kufungua skrubu mbele ya watu waliokuwa wanakula mayai. Nilifika kijiji kipya siku ya pili, juu ya lori, nikiwa nimeikalia barabara ile nyeusi.

Maiti ilikuwa haiwezi kungoja zaidi. Hakukuwa na ubao mwingine. Yohana alinipokea mabamba, akayalaza kwenye tope nyuma ya kibanda, akaanza kuunda jeneza la baba yake kwa vipande vilivyokuwa vifupi kuliko baba yake. Alivunja nusu ya bawaba, nusu akaziacha, kwa sababu ndizo pekee zilizoweza kushika kipande na kipande hadi vifikie urefu wa mzee. Alijaribu kuikwangua rangi kwa patasi, haikutoka yote. Nilishika mbao, yeye akagongomea. Watani wa ukoo walikuwepo, wale ambao kazi yao msibani ni kumtania marehemu, kuigiza mwendo wake, kuwachekesha wafiwa hata kama hawataki. Walikuwa wameanza vizuri, mmoja akikohoa kama mzee. Jeneza lilipotolewa, lenye mistari myeupe na mifereji, na bawaba pembeni kiunoni, na jina la Mikumi upande wa kichwa, walilitazama. Yule aliyekuwa anakohoa akaacha. Hakuna mtani aliyetania tena mpaka udongo ulipolifunika.

Baada ya maziko Mama Yohana alininawisha mikono mwenyewe. Nilijaribu utani. Nilimwambia kwamba sasa ameolewa upya, ajiandae, maana mtani ndiye anayerithi. Alitikisa kichwa polepole akasema, "Pole na safari, baba. Karibu chakula." Akanitengea sahani peke yangu, mkekani, imefunikwa kitambaa, kama anavyotengewa mgeni aliyetoka mbali. Yohana alikaa na wenzake upande mwingine. Jioni nilipoaga alinisindikiza mpaka barabarani, akanishukuru kwa kuleta mbao. Alisema kwa heshima kabisa. Kilosa hakurudi, maana ahadi ya kazi haikuwepo tena, na akaandikwa kijijini pale pale kulima. Randa na nguo zake nilimpelekea na dereva.

Niliwahi kujiuliza kama angenipiga ingekuwa nafuu. Mara tatu nilikwenda kuomba radhi, na mara tatu alinijibu kwamba hakuna neno, yamekwisha, baba alitoa mwenyewe. Nilioa, nikapata watoto, nikafanya kazi mpaka nikastaafu, na watu wengi wamekula mezani kwangu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na ruhusa ya kunitukana, wala mimi ya kumtukana. Kusema sawa kule kulimnyima Mzee Danieli jeneza alilojipasulia kwa mikono yake, kulimfanya mama mmoja acheke wakati alitaka kulia, na mimi kulinigharimu rafiki wa pekee niliyepata kuwa naye. Sikupata mwingine.